Jinsi ya Kwenda Likizo ya Gofu Bila Kuhama Makupa

Anza na mfuko. Kabla ya ada ya uwanja, kabla ya glavu na kofia, jifunze kwanza kupanda matatu ya Makupa saa kumi na mbili asubuhi ukiwa na mfuko wa gofu mgongoni. Mfuko huo una kimo cha mtoto wa darasa la tatu na haukunjiki. Ukiusimamisha mlangoni, abiria hawapiti. Ukiulaza, unakanyagwa. Ukiupakata, vichwa vya fimbo vinamgusa shingoni aliyekaa mbele yako. Nimejaribu njia zote hizo, na inayofaa ni moja: ulipie kiti. Mwambie makanga mapema, kabla gari halijajaa, "Kaka, na huyu ni abiria, nauli yake hii hapa." Atacheka, atapokea, na kuanzia hapo mfuko wako una haki zake. Hata kituo kikichangamka, hakuna atakayethubutu kuusukuma.

Halafu upunguze. Sheria za gofu zinamruhusu mchezaji fimbo 14, na matatu zetu nyingi zinaruhusiwa abiria 14, basi wenzetu hudhani hesabu hiyo ni ya kujaza. Sheria imeweka kikomo cha juu tu, haikusema ukifikie. Mtu wa likizo, ambaye bado anapiga mpira mmoja mzuri katika kila mitano, anatosheka na fimbo saba: draiva, mbao moja, aini nambari tano, saba na tisa, weji ya kutolea mpira mchangani, na ile ya kusukumia. Saba zinabebeka begani mchana kutwa. Tena zinakulazimisha kufikiri, kwa sababu ukikosa fimbo ya umbali fulani itakubidi uipige iliyopo kwa utulivu zaidi, na utulivu ndio mchezo wenyewe.

Taulo la gofu usinunue. Chukua kikoi kuukuu, kile kilichofuliwa mpaka kikalainika. Kinafuta jasho, kinafuta mpira, na mvua ikikukuta kinafunika mfuko. Vaa shati lenye ukosi na suruali isiyo ya jinzi, maana klabu nyingi zitakurudisha getini kwa hilo. Na tia kitambulisho mfukoni: mahali pengi bei ya mkazi si bei ya mgeni, na huipati bei ya mkazi kwa kuongea Kiswahili cha Mvita peke yake.

Watu huniuliza kwa nini nisichukue chumba hotelini, palepale uwanjani, niamke nikanyage nyasi. Hoteli za gofu ni nzuri na sina neno nazo. Lakini tazama jinsi kisiwa kilivyokaa. Makupa ndiyo shingo yake. Magharibi unavuka daraja kwenda Changamwe na barabara ya Nairobi. Kaskazini-mashariki unapita Buxton na daraja la Nyali. Kusini barabara inateremka mpaka kivukoni Likoni. Viwanja vinne ninavyokushauri, kimoja kiko kisiwani humu humu, viwili kaskazini, kimoja kusini, na vyote unaweza kuviendea asubuhi ukarudi kabla ya isha, ukala wali wa nazi wa kwako na kulala kitanda ambacho mgongo wako unakijua. Fedha ambayo ungeilaza hotelini izungushe uwanjani. Mlipe vizuri kedi, yule anayekubebea mfuko, na ikibaki, cheza duru nyingine.

Ukiwa na rafiki wa gofu atokaye Nairobi kwa treni, mpokee Miritini na umwingize kisiwani kwa daraja la Makupa. Mwambie atazame chini. Kwa miaka mingi hapo palikuwa tuta lililoziba mkondo, maji ya upande huu hayajuani na ya upande ule. Daraja jipya la 2022 lilifungua njia, na sasa maji yanakupwa na kujaa chini yake kama inavyotakiwa. Jirani yake, Kibarani, palipokuwa jaa la taka la mji mzima, pamepandwa miti. Mgeni akiyaona hayo kabla hajashika fimbo, anajua amefika mahali ambapo bahari ina kauli, na uwanjani hilo litamfaa.

Siku ya kwanza usiende mbali. Panda gari la Ferry, kisha tuktuk mpaka barabara ya Mama Ngina, uingie Mombasa Golf Club. Klabu hii ilianzishwa 1911, miaka mitano tu baada ya ile ya kwanza ya Nairobi, na uwanja wake una mashimo tisa, kwa hiyo ukitaka 18 unauzunguka mara mbili. Wapenda viwanja vikubwa huupita bila kuugeukia. Wanapoteza. Huku una nyasi, kule una jabali la matumbawe, chini ya jabali bahari, na katika bahari hiyo ndimo zinamopita meli ziingiazo Kilindini, karibu kiasi kwamba unapoinama kupiga unahisi kuna jumba la ghorofa linatembea pembeni ya jicho lako. Pisha meli. Mpira wako utakungoja.

Uwanja huu ni darasa la upepo, na mwalimu ana majina mawili tunayoyajua tangu utotoni. Kuanzia kama Desemba mpaka Machi ni kaskazi, upepo mkavu uliokuwa ukileta majahazi ya Arabuni na Bara Hindi. Kuanzia Aprili unageuka kusi, unapiga kutoka kusini-mashariki, na katikati ya mwaka una nguvu ya kung'oa kofia. Mipira inayopotea hapa haipotezwi na ubovu wa mkono pekee. Mtu amesoma kitabuni kwamba aini ya saba inampeleka mita 130, anapiga, na kusi inaubeba mpira kama jani la mkungu. Kabla ya kuchagua fimbo, fanya kama nahodha: usitazame nyasi za miguuni, tazama vilele vya minazi na matawi ya mibuyu, kisha bendera ya meli ikiwapo, maana upepo wa chini na wa juu haupigi sawa.

Na mchukue kedi. Ningeandika neno hilo kwa herufi kubwa kama ningeruhusiwa. Nililielewa jambo hili asubuhi moja ya Julai nikiwa na kedi mtu mzima, mwembamba, mwenye viatu vya raba vilivyoshonwa upya na uzi wa kuvulia samaki. Nilikuwa juu ya grini, mpira uko hatua nne na shimo, na ardhi inateremka kushoto, mtoto mdogo angeona. Nikajipanga kupiga kulia kidogo ili urudi. Akaweka mfuko chini.

"Mzee, ngoja. Umeona nini?"

"Inateremka kushoto."

"Ardhi inateremka kushoto. Nyasi je?"

Nikamwambia nyasi ni nyasi. Akachuchumaa, akaniita nichuchumae, tukawa wawili kama watu wanaotafuta sindano. Akanionyesha kwamba ukizitazama kutoka upande huu zinang'aa, na ukizitazama kutoka upande wa pili ni za kijani kibichi kilichoiva. "Zinapong'aa zimelala kukukimbia, mpira unateleza. Zinapokuwa nyeusinyeusi zimelala kukujia, mpira unakwama. Hizi zimelala kuelekea baharini. Piga moja kwa moja, mzee, na uongeze nguvu kidogo." Nikapiga moja kwa moja. Mpira ukanyooka kama uzi wa fundi seremala ukaingia, na shimo lenyewe halizidi milimita 108 kwa upana. Alikuwa ameshauinua mfuko kabla mpira haujafika.

Elimu ile haiuzwi dukani. Mtu ameipata kwa kutembea ardhi hiyo hiyo kiangazi na masika, akiwabebea wengine, na wengi wa wachezaji wa kulipwa wa Kenya walianzia hapo, kwenye kamba ya mfuko wa mtu mwingine. Kwa hiyo ukifika, muulize jina na ulitumie. Patana malipo kabla ya shimo la kwanza, umlipe mkononi mwake baada ya la mwisho, na uzidishe kidogo ikiwa kulikuwa na jua. Mnywaji maji mmoja asiwe wewe. Nunua chupa mbili. Akikwambia fimbo, ipige hiyo hiyo, hata moyo wako ukitaka nyingine. Ukikosea kwa ushauri wake, na itatokea, nyamaza. Yeye amekunyamazia mara ngapi?

Kuhusu hesabu ya mapigo, nakusihi uache kuandika kila pigo la kila shimo ukiwa likizoni. Tumia mtindo wa pointi alioubuni daktari mmoja Mwingereza, Frank Stableford, ukachezwa rasmi kwa mara ya kwanza huko Wallasey mwaka 1932, uwanja wa ufukweni wenye upepo kama wetu. Alikuwa amechoka kuona watu wakiharibikiwa shimo moja mapema na siku nzima ikaharibika nalo. Kwa mtindo wake, shimo likikushinda unaandika sifuri, unaokota mpira, na shimo linalofuata ni jipya kabisa. Kwa handikapu ya mtu wa kawaida, pointi 36 kwa mashimo 18 maana yake umecheza sawasawa na uwezo wako. Ukipata 28 kwenye kusi ya Julai, nenda nyumbani kifua mbele.

Lakini usiende nyumbani bado. Tembea mpaka mnara wa taa, ukae ukutani pamoja na familia zilizokuja kupunga upepo, ununue mihogo ya kukaanga iliyopasuliwa na kutiwa ndimu na pilipili ya unga, na dafu. Huo mchanganyiko wa chumvi, ndimu na uchovu wa miguu ndio chakula bora cha mchezaji gofu ninachokijua, na hoteli yoyote inayokuletea mkate uliotiwa jibini baada ya duru imekosa nafasi.

Nyali haitanichukua muda. Unavuka daraja, lile lililofunguliwa 1980 kuchukua nafasi ya daraja la kuelea, na uwanja uko katikati ya makazi, mashimo 18, nyasi zilizotunzwa, na minazi inayokufundisha kupiga moja kwa moja kwa sababu ukipinda unasikia sauti ya mpira ukigonga shina, ko! Upepo ni wa kadiri. Upange siku ya pili, wakati miguu bado inauma, na uanze alfajiri, maana kufika saa nne jua la Nyali limeshakaa kichwani. Watu wa klabu wanaucheza kila wiki, kwa hiyo ukiona kundi la nyuma linakukaribia, simama kando uwapungie wapite. Mgeni anayewapisha wenyeji hupata salamu mpaka shimo la 18.

Siku ya tatu pumzika. Nasema hivi kwa uzito. Mashimo 18 kwa miguu, ukijumlisha na kutafuta mipira, ni mwendo wa kilomita nane hadi kumi. Kaa Makupa, nenda sokoni, osha soksi, kunywa kahawa chungu kibarazani ukiwasimulia waliokuja.

Sasa Vipingo. Panda gari la Kilifi au la Malindi, vuka Mtwapa, pita mashamba ya mkonge yaliyopangwa mistari mpaka macho yanachoka, shuka Vipingo, kisha bodaboda ikupandishe juu ya kilima mpaka lango la Vipingo Ridge. Ni kama kilomita 35 kutoka kisiwani, na hewa tayari ni nyingine. Uwanja wa Baobab, yaani wa mibuyu, ulichorwa na David Jones, mchezaji wa zamani kutoka Ireland ya Kaskazini, naye alikuwa na busara ya kuiacha mibuyu ilipo. Hakuna uwanja Pwani unaokufanya ujione mdogo kama huu. Unasimama mahali pa kuanzia, bahari iko mbali chini kama kitambaa cha buluu kilichoanikwa, twiga wanatafuna majani upande wa pili wa nyasi, na mbuyu wenye umri mkubwa kuliko mji wako umesimama hasa pale ulipokusudia kupeleka mpira.

Wanawake bora wa Ulaya na dunia wamecheza hapa. Mashindano ya Magical Kenya Ladies Open yalipofika Vipingo kwa mara ya kwanza, Desemba 2019, Esther Henseleit wa Ujerumani alimaliza siku ya mwisho kwa mapigo 64 na kumpita Aditi Ashok wa India kwa pigo moja tu. Pigo moja, baada ya siku nne za jua. Aditi Ashok alirudi Vipingo 2023, uwanja ule ule, mibuyu ile ile, akashinda kwa tofauti ya mapigo tisa. Mwaka uliofuata akashinda Shannon Tan wa Singapore. Ninaikumbuka hadithi ya Ashok kila mara ninaposimama pale nikiwa nimeharibu shimo. Mtu aliyeshindwa kwa pigo moja alikuwa na sababu zote za kuuchukia uwanja huu. Yeye akaurudia akiwa anaujua.

Kwa hiyo ushauri wangu wa Vipingo ni huu: anzia mbele. Kila shimo lina sehemu kadhaa za kuanzia, na zile za nyuma zimewekwa kwa ajili ya watu kama Henseleit. Usione haya. Handikapu ya juu kabisa inayotambuliwa duniani tangu 2020 ni 54, na mtu wa 54 ana haki ya kucheza uwanja huu na kuufurahia, mradi aanze mahali anapoweza kufika. Nimewaona wanaume wenye vifua wakienda nyuma kabisa ili wake zao wawaone, wakamaliza mashimo manne wakiwa wamepoteza mipira kumi na moja na hamu ya kuongea. Anzia mbele, cheza haraka, tazama twiga.

Jambo moja la bei, kwa kuwa liliniuma. Katika hoteli moja ya Pwani, ambayo sitaitaja, niliandikiwa kigari cha umeme ambacho sikukipanda, kwa maelezo kuwa kimo ndani ya kifurushi. Nilitembea mashimo yote 18 nikiwa na kedi, kigari kikasimama kivulini, na nikakilipia. Tangu siku hiyo huuliza kwa sauti pale kaunta, kabla ya kutoa pesa: ada ya uwanja ni ngapi, kigari kimo au hakimo, kedi analipwa na nani, na naweza kuchukua kedi bila kigari? Swali la mwisho ndilo kubwa. Palipo na vigari vingi, makedi hukaa benchi mchana mzima. Na kigari hakijui nyasi zimelala upande gani.

Diani nimeiweka mwisho kwa sababu ya safari yake. Kuna njia mbili. Mwenye gari anaweza kuzunguka kwa barabara ya Dongo Kundu, ambayo tangu 2024 inakuvusha mpaka upande wa Kwale bila kuona kivuko. Ni njia nzuri na ya haraka. Wewe wa Makupa mwenye mfuko mmoja shuka Ferry, uvuke kwa miguu, bure, pamoja na umma. Kama bahari imepwa, na hasa siku za bamvua, mteremko wa kuingilia unakuwa mkali na una utelezi wa mwani, kwa hiyo ufunge mfuko kifuani badala ya mgongoni na ukanyage kwa kisigino. Ndani ya kivuko simama ubavuni. Mara ya mwisho nilisimama karibu na mama mmoja aliyekuwa na beseni la mabuyu mekundu kichwani. Alizitazama fimbo zangu kwa makini, akauliza, "Mwanangu, hizo ni za kuangulia nini?" Nikamwambia za kupigia mpira mdogo uingie kwenye shimo. Akafikiri. "Na ukishaingia?" Unautoa, mama, unaenda shimo jingine. Akanipimia mabuyu ya shilingi ishirini, akanizidishia.

Kutoka Likoni ni gari la Ukunda, kisha tuktuk mpaka Leisure Lodge, uwanja wa mashimo 18 uliokatwa katikati ya mibuyu na msitu wa pwani. Njiani inua macho: juu ya barabara ya Diani kuna ngazi za kamba zimetandazwa kutoka mti hadi mti. Ni madaraja ya mbega, wale weusi wenye mabega meupe ya manyoya marefu, ambao walikuwa wakifa kwa kugongwa na magari hadi wahifadhi wa huko wakawatundikia njia yao. Mwendo wa mbega juu ya kamba ni wa heshima sana, kama mtu anayevuka na suti mpya.

Tumbili ni habari nyingine. Tumbili anaujua mpira wa gofu, na anaweza kuuchukua ukiwa umesimama unamtazama. Usimrushie kitu, usimkimbize, wala usimtolee ndizi ili abadilishe, maana kesho atakuja na ukoo. Ijue sheria tu, kwa kuwa iko upande wako: mpira uliotulia ukichukuliwa na mnyama, unaweka mwingine pale ulipokuwa, kwa kukadiria ukihitaji, bila adhabu yoyote. Mpira ukitua kwenye shimo lililochimbwa na kaa au mnyama mwingine, unausogeza bila adhabu pia. Ila usipoonekana, una dakika tatu tu za kuutafuta tangu sheria zibadilishwe 2019. Zamani zilikuwa tano. Waliotunga sheria hizi waliishi kwenye baridi, lakini ukizisoma vizuri utadhani walilala Diani. Wenzetu wa Jinja, Uganda, ambako viboko hutoka ziwani usiku na kukanyaga uwanja, wanajulikana kwa kanuni yao ya kumruhusu mchezaji kuuinua mpira ulioangukia kwenye wayo wa kiboko. Kila pwani na wageni wake.

Kwenye shimo la mwisho la Diani, kama umefuata ratiba yangu, utakuwa umecheza viwanja vinne ndani ya juma moja, umetembea zaidi ya kilomita 30 nyuma ya mpira wa gramu 46, na utaona kitu kimebadilika. Hutazami tena umbali wa bendera kwanza. Unatazama juu ya miti. Unachuchumaa bila kuambiwa. Kedi atakuona, na atakaa kimya kidogo kabla ya kutoa fimbo, akitaka kujua utataja ipi. Nakutakia kimya hicho. Mimi kilinichukua miaka mitatu kukipata.

Wakati mmoja usipange likizo hii: masika yenyewe, Aprili na Mei, wakati uwanja unageuka sahani ya mchuzi. Mwezi wa Ramadhani unafaa, ikiwa unafunga, kwa mashimo tisa ya baada ya alasiri pale Mama Ngina, taratibu, na tende mfukoni kwa ajili yako na kedi, kwa sababu adhana ya magharibi inaweza kuwakuta kwenye la nane. Mkae chini mfuturu. La tisa litasubiri, na kama giza litawahi, litasubiri mpaka kesho.

Ukirudi Makupa jioni, usiutupe mfuko nyuma ya mlango. Hewa ya chumvi inakula chuma usiku mmoja tu, nimeona aini mpya ikitoka madoa ya kutu kabla hata glavu haijakauka. Zitoe fimbo zote saba, ziloweshe vichwa kwenye ndoo ya maji baridi yasiyo ya kisima cha chumvi, sugua mifereji ya uso kwa mswaki wa zamani, zipanguse kwa kikoi, kisha uzisimamishe ukutani zikauke. Watoto wa jirani watakuja. Waache wazishike, wajue uzito wake, mmoja wao bila shaka ataulizia ile kubwa yenye kichwa kama embe dodo.

Mwisho zinahitaji mafuta mepesi, tone moja moja, na mafuta ya cherehani yanafaa kuliko yote. Fundi wa nguo wa jirani yangu hunipa ya bure. Ila hanipi kabla sijamweleza, shimo kwa shimo, mpira uliangukia wapi.